Maji ya Uongo na Maji ya Kweli: Jinsi Nuru Inavyopinda Katika Nchi ya Isiolo

Barabara itokayo mjini Isiolo kwenda kaskazini hunyooka mara inapoziacha nyumba za mwisho, na mtu asiyeizoea ataona jambo la kumshangaza kabla hajafika Archers Post. Jua likiwa kali, tuseme tangu saa tano ya mchana hata saa tisa, ataona mbele yake njia imefunikwa na maji. Si unyevu wala matone, bali ni kidimbwi kipana kimetametacho, na ndani yake huonekana rangi ya mbingu, na pengine sura ya lori lijalo, magurudumu yakiwa juu na bodi chini. Dereva mgeni hupunguza mwendo. Akifika pale hukuta lami kavu yenye moto wa kuunguza nyayo, na maji yale yamekwisha hamia mbele, umbali ule ule kama kwanza. Hata akienda mchana kutwa hatayafikia.

Kwa Kiswahili maji hayo huitwa mazigazi. Wengine husema sarabi, neno lililotoka katika Kiarabu, ambalo limo hata ndani ya Kurani, katika Sura ya An-Nur, penye mfano wa mwenye kiu adhaniaye ameona maji. Basi jambo lenyewe ni la kale, na wenyeji wa nchi kavu wamelijua tangu zamani bila ya kufundishwa na mtu. Lililo jipya katika nchi ya Isiolo ni lami. Barabara ya kwenda Moyale, yenye urefu wa kilomita 500 hivi, ilikuwa ya changarawe na vumbi kwa miaka mingi. Lami yake ilitiwa kipande kwa kipande, na kufika mwaka 2017 ilikuwa imekwisha unganishwa mpaka mpakani mwa Ethiopia. Lami ni nyeusi, nayo hunywa joto la jua kupita mchanga mweupe. Kwa hiyo mazigazi, ambayo mchungaji aliyaona kwa mbali nyikani, siku hizi hulala katikati ya njia ya kila asafiriye.

Watu wengi husema ya kwamba ni macho yaliyochoka, au ni kichwa cha mtu kilichopigwa na jua. Sivyo. Atakaye kuhakikisha na atoe simu yake apige picha: maji yale yataonekana ndani ya picha, naye hawezi kusema ya kwamba simu nayo ina kiu. Nuru iingiayo katika jicho ni nuru ya kweli, tena imetoka mahali pa kweli. Ila imekuja kwa njia iliyopinda, na mtu hana namna ya kuhisi mpindo huo. Jicho hupokea tu. Akili hudhani kila nuru imekuja moja kwa moja kutoka upande ule inakoingilia. Mara nyingi dhana hiyo ni sahihi, ndiyo maana watu huiamini.

Kuna jaribio dogo liwezalo kufanywa katika nyumba yoyote. Msomaji na achukue kikombe cha bati, aweke sarafu chini yake, kisha arudi nyuma pole pole mpaka ukingo wa kikombe uifiche sarafu isionekane. Akae pale pale asisogee, na mwenzake atie maji ndani ya kikombe bila ya kuitikisa sarafu. Maji yakipanda, sarafu itatokea tena kana kwamba imeinuliwa. Hakuna kilichoinuliwa. Nuru itokayo katika sarafu, inapoyaacha maji na kuingia hewani, huinama, hupita juu ya ukingo, na hulifikia jicho ambalo kwanza halikuweza kufikiwa. Kadhalika kalamu ya risasi iliyotiwa katika bilauri ya maji huonekana imevunjika pale inapoingia majini, nayo ni nzima.

Sababu ya kupinda ni mwendo. Nuru katika hewa huenda kiasi cha kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Ikiingia katika maji huenda kilomita 225,000 tu, na katika kioo cha dirisha karibu 200,000. Katika almasi, kama zile zichimbwazo Mwadui nchini Tanzania, hubaki kilomita 124,000 hivi, na kule kupunguzwa mwendo sana ndiko kuifanyako almasi ing'ae kupita vito vingi.

Lakini kwa nini kupunguza mwendo kulete mpindo? Isiolo ni mji uliozoea kuona askari, basi mfano wa askari utafaa. Tuseme mstari wa askari ishirini unakwenda bega kwa bega juu ya ardhi ngumu, na mbele yao kuna mchanga mwingi ambao mpaka wake umekaa mshazari. Askari wa upande mmoja watauingia mchanga kwanza, na hatua zao zitakuwa fupi. Wale wa upande wa pili wangali juu ya ardhi ngumu, nao huendelea kwa hatua zao za kwanza. Kabla wote hawajaingia, mstari umekwisha geuka, na uso wake waelekea upande mwingine, ijapokuwa hakuna aliyetoa amri. Mstari hugeukia upande ule wenye mwendo mdogo. Na kama wangaliuingia mchanga uso kwa uso, wote kwa mara moja, wangalipunguza mwendo tu bila ya kugeuka. Nuru nayo hufanya hivyo hivyo: ikiyapiga maji wima, haipindi, ikija kwa mshazari, hupinda.

Watu wameutafuta mpango wa jambo hili kwa muda mrefu. Katika karne ya 2, Ptolemaio wa Iskanderia alipima jinsi nuru inavyoinama ikiingia majini, akaandika hesabu zake. Mnamo mwaka 984, huko Baghdad, Ibn Sahl aliandika juu ya vioo na lenzi zikusanyazo nuru, na katika michoro yake imo kanuni sahihi ya mpindo. Baada yake alikuja Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo, ambaye kitabu chake cha elimu ya kuona kilisomwa na wataalamu wa Ulaya kwa karne nyingi. Ndiye aliyeonyesha kwa hoja na majaribio ya kwamba jicho halitoi mionzi ya kwenda kuvishika vitu, kama wengi walivyodhani, bali nuru hutoka katika vitu ikaja jichoni. Katika mwaka 1621 Mholanzi Willebrord Snellius aliipata tena ile kanuni, na mashuleni huitwa kwa jina lake hata leo. Haki ya Ibn Sahl ilikumbukwa nyuma sana, karibu na mwisho wa karne ya 20.

Hata hivyo maji na kioo vina mpaka ulio wazi, ambao mtu aweza kuugusa kwa kidole. Barabarani hakuna maji wala kioo. Ni hewa tupu, juu na chini. Mpindo watoka wapi?

Watoka katika joto. Lami iliyokaa juani huwa na moto kupita hewa ya kimo cha mtu kwa nyuzi nyingi, na hewa iliyolala juu yake hupashwa moto, hutanuka, ikawa nyepesi. Katika hewa nyepesi nuru huenda upesi kidogo kuliko katika hewa nzito. Tofauti ni ndogo mno: hewa yenye joto la nyuzi 50 za sentigredi na hewa ya nyuzi 30 hazipitani hata sehemu mbili katika laki moja. Lakini nuru ipitayo chini chini, karibu kulala juu ya barabara, hukaa ndani ya tofauti hiyo kwa safari ndefu, na kidogo hiki kikijumlishwa hutosha. Nuru itokayo mbinguni hushuka kuelekea lami kwa mshazari mdogo. Upande wake wa chini, ulio katika hewa ya moto, hutangulia. Upande wa juu hubaki nyuma. Na kama ule mstari wa askari, hugeukia upande wa wachelewao, yaani juu. Haiigusi lami kabisa. Huinama kama mkunjo wa upinde, huinuka, na kumwingia dereva machoni kutoka chini.

Dereva hudhani imetoka ardhini. Akiangalia ardhini aona kipande cha mbingu, cheupe au cha samawati, na kitu cha pekee anachokijua kiwezacho kuonyesha mbingu juu ya ardhi ni maji. Hewa ya moto nayo haitulii. Hupanda na kutikisika, na ile mbingu hutikisika pamoja nayo, kama mawimbi madogo. Kila dalili yasema maji.

Pembe ya mambo haya haifiki hata nusu ya nyuzi moja, na hapo ndipo penye siri ya maji yasiyofikiwa. Kwa tofauti ya joto iliyotajwa, mtu mwenye macho yaliyo mita 1.6 kutoka ardhini huyaona maji yameanzia kiasi cha mita 280 mbele yake. Mtoto wa kimo cha mita moja huyaona karibu zaidi, kama mita 175. Dereva wa lori huyaona mita 400 mbele, na utingo aliyeketi juu ya mzigo, pamoja na mbuzi wa kupelekwa mnadani, huyaona mbali kuliko wote, karibu mita 700. Watu wanne katika njia moja, na kila mmoja ana kidimbwi chake! Na kila apigapo hatua, kidimbwi nacho hupiga hatua, kwa kuwa kimefungwa na jicho lake, wala si na ardhi. Ainamaye hukivuta karibu. Apandaye kichuguu hukisukuma mbali, au hukipoteza kabisa.

Jeshi la Ufaransa liliyajua haya kwa mateso. Napoleon alipotua Misri mwaka 1798, askari wake walitembea kutoka Iskanderia kuelekea Kairo katika joto la mwezi wa Julai, wamevaa nguo nzito za sufu, na maji yao haba. Vijiji vilionekana kwa mbali vimesimama kama visiwa ndani ya ziwa, na kila kijiji kikiwa na sura yake imepinduka chini yake. Walikimbilia, na ziwa likakimbia. Mtaalamu Gaspard Monge, aliyefuatana na jeshi lile, ndiye aliyeandika maelezo ya jambo hilo na kusema ya kwamba ni nuru iliyogeuzwa na hewa ya moto karibu na mchanga. Maelezo yake yalitoka wakati kiu ilipokwisha waua wengine.

Wafugaji wa Isiolo na nchi za jirani, Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wasomali, hawatafuti maji kwa kutazama mbali. Huenda penye visima vinavyojulikana, au huchimba katika mchanga wa mabonde makavu ambamo maji yamejificha chini. Ni ajabu ya nchi ile: maji ya kweli yapo pale ambapo jicho laona mchanga mtupu, na ya uongo yapo pale yanapong'aa. Wageni ndio waliopotezwa mara kwa mara, na si kwa mazigazi peke yake. Mmarekani William Astor Chanler, aliyefuatana na Ludwig von Höhnel katika safari iliyoanza mwaka 1892, aliufuata mto Ewaso Nyiro kuelekea mashariki akilitafuta ziwa kubwa lililosemwa kuwa huko Lorian. Alikuta kinamasi. Kosa hilo halikufanywa na nuru bali na masimulizi; na huenda waliosimulia walisema kweli, maana Lorian hutanuka mvua zikiwa nyingi, na hunywea zikikosa.

Hatari ya leo ni nyingine, nayo ni kinyume cha ile ya askari wa Napoleon. Wao waliona maji ya uongo wakayasadiki. Dereva wa barabara ya Isiolo ameona maji ya uongo mara mia tangu asubuhi, hata amezoea kuyapita bila ya kukanyaga breki. Njia hizi hukatwa na mabonde makavu, ambayo wenyeji huyaita laga, na katika njia za ndani, kama ziendazo Merti na Garba Tula, mara nyingi hakuna daraja. Mvua ikinyesha milimani, saa chache baadaye laga hujaa ghafula, na huenda mbingu juu yake ni kavu, jua lawaka, na vumbi latimka. Dereva aona kitu kimeng'aa mbele. Asema moyoni: ni yale yale.

Basi zipo dalili za kutofautisha, na afadhali zijulikane na kila ashikaye usukani. Mazigazi hurudi nyuma kadiri gari liendavyo mbele. Maji ya kweli hukaa mahali pake, na umbali wake hupungua. Mazigazi hayana ukingo, maana huchanganyika na ardhi kama moshi. Maji ya kweli yana mpaka, na penye mpaka pana matope, majani au povu. Mazigazi hubadilika mtu akiinua au akiinamisha kichwa. Maji ya mafuriko huku ni ya rangi ya udongo, nayo hubeba vijiti na takataka. Mazigazi huwa na rangi ya mbingu. Na kama gari limekwisha fika karibu kiasi cha mita 50 na kile kimeng'aacho kingali pale pale, hayo si mazigazi tena, wala hakuna haja ya kubishana. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 tu yaweza kuliinua gari dogo, na ya sentimita 60 huyachukua magari mengi makubwa zaidi. Katika maji ya tope haionekani chini, kwa hiyo hakuna awezaye kukisia kina chake kwa macho. Kungoja saa tatu chini ya mgunga si hasara.

Nuru huweza kumdanganya mtu hata mbele ya maji safi, na katika nchi hiyo hiyo mahali pa kuliona jambo hili ni Buffalo Springs, hifadhi ya wanyama iliyoko kusini ya mto Ewaso Nyiro. Hapo pana chemchemi zitoazo maji maangavu, na kidimbwi kimoja kimejengewa ukuta wa mawe, ambamo wageni huogelea. Husimuliwa ya kwamba shimo lake lilichimbwa na bomu la ndege ya Waitalia katika Vita Kuu ya Pili. Maji yake ni meupe hata mawe ya chini huweza kuhesabiwa.

Weupe huo ndio mtego. Nuru itokayo katika jiwe la chini huinama inapotoka majini, kama ile ya sarafu katika kikombe, na jiwe huonekana limepanda. Mtu atazamaye kutoka juu kabisa huona robo tatu tu ya kina kilichopo: maji ya mita 2 huonekana kuwa ya mita moja na nusu. Na hiyo ni kwa atazamaye wima. Asimamaye ukingoni na kutazama kwa mshazari huona kina kidogo zaidi. Basi kijana asiyejua kuogelea, mwenye kimo cha mita 1.7, hutazama maji ya mita 2, akaona yatamfika kifuani, akaruka. Hasara ya hesabu hiyo haina marekebisho. Ni vema kila mzazi na kila mwalimu awapelekaye watoto penye kidimbwi, bwawa au mto mwangavu awafundishe kanuni moja ya kushika kichwani: kina kionekanacho kiongezwe theluthi yake, na hiyo ndiyo hesabu ndogo kabisa. Fimbo ndefu ni bora kuliko hesabu.

Wavuvi wapigao samaki kwa mkuki wameijua kanuni hiyo bila ya kitabu. Hawampigi samaki pale wanapomwona, bali chini yake kidogo, kwa sababu samaki wa kweli yuko chini kuliko sura yake.

Na aogeleaye Buffalo Springs akafumbua macho ndani ya maji ataona kila kitu kimefifia, ijapokuwa maji ni meupe. Hili nalo latokana na mpindo, au tuseme latokana na kukosekana kwake. Jicho la mtu huipinda nuru ili iikusanye nyuma yake, na karibu theluthi mbili za kazi hiyo hufanywa na ngozi angavu ya mbele, pale hewa inapokutana na jicho. Ndani ya maji hakuna hewa mbele ya jicho. Maji na ngozi ile hupitisha nuru kwa mwendo ulio karibu sawa, kwa hiyo mpindo hupotea, na sura haikusanyiki. Avaaye miwani ya kuzamia hurudisha hewa kidogo mbele ya macho, na papo hapo huona vizuri. Sehemu iliyobaki ya kazi hufanywa na lenzi iliyo ndani ya jicho, ambayo hunenepa na kunyooka mtu atazamapo karibu au mbali. Baada ya miaka 40 hivi lenzi huanza kuwa ngumu, na hapo ndipo mzee anapoonekana akilishika gazeti mbali kwa mkono ulionyooka. Kipande cha kioo kilichochongwa vema hulipa jicho mpindo uliopungua. Mzee aonaye haya kuvaa miwani amejinyima bure.

Jua likizama, nchi ya Isiolo hugeuza mambo. Ardhi kavu isiyo na mawingu juu yake hupoa upesi, na usiku ukiwa shwari hewa ya chini huwa baridi na nzito kuliko ya juu. Sasa wachelewao wako chini, na nuru huinama kuelekea ardhini badala ya juu. Vitu vya mbali huinuliwa. Taa za gari ambazo zingefichwa na mwinuko mdogo wa ardhi huweza kuonekana kabla ya wakati wake, zikining'inia juu ya nyika, na dereva akadhani gari liko karibu. Alfajiri vilima vya mbali huonekana virefu kuliko vilivyo, na joto likianza kupanda hurejea katika kimo chao.

Lakini mpindo ulio mkubwa kuliko yote hayo hutokea kila siku mbele ya kila mtu, na wachache huujua. Nuru ya jua, likiwa linazama, hupita katika hewa nyingi, na hewa hiyo huwa nzito kadiri inavyokaribia ardhi, kwa hiyo nuru huinama njia nzima kuifuata dunia. Jua huonekana limeinuliwa kwa nyuzi nusu na kidogo, na hicho ni kiasi kinachoupita upana wa jua lenyewe. Mtu asimamaye katika uwanda wa Merti, akaona ukingo wa chini wa jua umegusa upeo wa nchi, anatazama jua ambalo kwa hakika limekwisha zama lote. Huendelea kuliona kiasi cha dakika mbili zaidi. Asubuhi huliona mapema kwa kiasi hicho hicho.

Mji wa Isiolo uko karibu kilomita 40 tu kaskazini ya Ikweta, na watu wa Ikweta hufundishwa ya kwamba mchana wao ni saa 12 na usiku wao saa 12. Kwa saa ya ukutani sivyo. Mchana wao ni saa 12 na dakika 7 hivi, karibu mwaka mzima. Zaidi ya dakika nne kati ya hizo hutoka katika kupinda kwa nuru, na zilizobaki hutoka katika desturi ya kuhesabu mchana tangu kuchomoza kwa ukingo wa kwanza wa jua mpaka kuzama kwa ukingo wa mwisho. Waandikao jedwali za nyakati za swala na za kufuturu hulijua jambo hili. Hawalihesabu jua limekwisha tua mpaka kitovu chake kiwe chini ya upeo wa nchi kwa nyuzi 0.83, na hesabu hiyo hutumika Isiolo kama itumikavyo Mombasa na Maskati.